Wakili wa Juu ya Duka la Baiskeli

Nyumba iko Limbani, Wete: vyumba vinne,
bati jipya mbele, bati la kutu nyuma,
na muuzaji, Khatib Shaame, mwenye haraka
ya mtu aliyeacha maziwa jikoni.
"Arubuni leo," anasema, "karatasi zitafuata."
Mimi nina kiinua mgongo changu,
miaka thelathini na miwili ya kudunga watu sindano,
kimelala benki, hakijui kitaamkia wapi.

Shemeji akanitumia namba ya wakili wa Unguja.
Mtu wa kiyoyozi, ghorofa ya tatu, Mlandege.
Alinisikiliza dakika nne; nilizihesabu.
"Ipige picha hati. Mkataba utakuja na boti Alhamisi."
Hakuuliza nyumba imeelekea wapi.
Hakuuliza jirani ni nani.
Aliuliza nitalipa kwa simu au benki.
Na ada yake (sitaitaja, naona haya)
ingeliezeka upya ule upande wa kutu.

Jumamosi nikapanda ngazi za Shinuna Mbarouk,
juu ya duka la baiskeli,
ngazi zinazonuka mpira na gundi.
Nilikuwa nimeshaonywa: "Huyo alimshitaki
mjomba wake wa damu, na akamshinda."
Nikasema kimoyomoyo: basi ndiye.

Hakunikaribisha kiti kwanza. Alisema:
"Baba yake Khatib nilimwandikia wasia.
Likikutia shaka hilo, ngazi hujazisahau."
Nikakaa.
Yeye akasimama, akatafuta mwavuli na viatu.
"Hati nitaisoma. Kwanza twende tukaone inachokisema."

Jua la saa nane, na anatembea kama mtu anayedai.
Kufika uani, aliupita ufa wa ukuta niliouogopa mimi,
akaupita msingi, akalipita hata tangi la maji,
akasimama nyuma ya choo
mbele ya mikarafuu mitatu.
"Hii?"
"Inakwenda na nyumba," Khatib akajibu upesi.

Ng'ambo ya ua Bikombo, binti wa jirani,
alikuwa akigeuza karafuu juu ya jamvi kwa unyayo.
"Bikombo, msimu uliopita nani alichuma hapa?"
"Sie," bila kuinua kichwa. "Na kabla yetu bibi.
Ardhi yao, miti yetu. Kwani imekuwaje?"

Khatib akaanza kuchora mchanga kwa kandambili.
Shinuna hakumpa nafasi ya kumaliza mchoro:
"Na dada yako Time? Pilau la harusi yake nilikula mimi.
Tanga hakwenda kufa. Fungu lake liko wapi,
na sahihi yake?"

Siku hiyo maziwa yalifurika.

Simsifu kwa kila jambo. Anachelewa.
Mwandiko wake ni wa kuku aliyekanyaga wino.
Ada tuliigombania hadi mwenye duka, huko chini,
akapunguza redio atusikilize.
Na si Alhamisi: miezi mitano.
Sheha, kadhi, mhuri uliopotea, mhuri uliopatikana,
Time akaja kutia sahihi na mtoto mgongoni,
akamkumbatia kaka yake, kisha akahesabu fedha mara mbili;
na bei ikishuka kidogo
kila ukweli ulipopanda.

Sasa ni msimu. Alfajiri nasikia ngazi
ikiegemezwa, matawi yakikwaruza bati.
Kifungu cha sita: *mnunuzi atampisha mwenye miti.*
Neno lile, atampisha, nililisoma mara tatu
kabla ya kutia sahihi, kalamu ikinitoa jasho.
Nikamuuliza Shinuna: nitampisha mpaka lini?
Akasema: "Muulize mkarafuu."

Nafungua komeo la nyuma.
"Hodi," anasema Bikombo, ameshaingia,
pakacha begani,
na kabla hata ya salamu ananiuliza
bati hili la kutu nitalibadilisha lini,
maana linamchafulia karafuu zake.